Bawaba ya Choo cha Wasichana Imetulaza Sakafuni

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi niitikie hivyo hivyo, maana naomba msaada na sina hali ya kuchagua. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mume wangu ndiye msimamizi wa matengenezo katika shirika la serikali linalomiliki majengo ya shule zote za hapa, yaani kazini yeye ni mwenye nyumba na mimi mpangaji wake, na miaka yote tulilichekea jambo hilo mpaka mlango wa choo cha wasichana ulipong'oka. Mkataba unasema kisichojongea, kama ukuta, paa na fremu, hutengenezwa na shirika, na kinachojongea, kama mlango na dirisha, hutengenezwa na shule, sasa kilichovunjika ni bawaba, na bawaba, mshauri, nusu imepigwa skrubu kwenye fremu na nusu kwenye mlango, nami nikasema ni yake na yeye akasema ni yangu, akaongeza kuwa akikubali moja shule zote zitamletea zao, nami nikajibu kwamba nikikubali moja nimezikubali za jengo zima, basi mlango umeegemezwa tu, wasichana wanaenda wawili wawili, mmoja anaingia na mwenzake anaushikilia kwa nje, na wale wakubwa siku hizi hawanywi maji mchana kutwa wasije wakabanwa.

Ugomvi ukatufuata nyumbani. Chaga za kitanda chetu zilipokatika nilimwambia chaga hazijongei, ni zako, akaziinamia, akazigusa, akasema huo ni uharibifu uliosababishwa na mtumiaji, na huyo mtumiaji hakumtaja ila alinitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, nami kwa hasira nikashusha godoro sakafuni, maana godoro linajongea na ni langu, naye analala juu yake kama mgeni mwalikwa. Mama mkwe alipokuja kututembelea akauliza kama tumefilisika, mume wangu akamweleza mkataba mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza mama mkwe akanivuta jikoni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu ameanza lini?"

Nampenda mume wangu, mshauri, na aibu ninayo, ila nikiitengeneza ile bawaba nitakuwa nimeshindwa kazini na nyumbani kwa mpigo mmoja. Nifanyeje ili yeye ndiye aanze?

Mwalimu Mkuu wa Sakafuni

*

Marahaba, mwanangu. Kwa haya uliyoandika, hata kama nimezaliwa jana mimi ndiye mkubwa.

Nimecheka, sikufichi, mpaka wenzangu hapa wakaacha kazi kusikiliza. Kisha nikarudi kwenye wasichana wasiokunywa maji, mahali ulipopapita mbio mbio, na kicheko kikakatika. Wewe ni mwalimu. Mtoto anakaa darasani na kiu kwa sababu watu wazima wawili wanaolala godoro moja hawajaamua nani aanze, halafu unaniuliza namna ya kumshinda mumeo? Hapo umeniudhi.

Naye asidhani amepona, msomee hii kwa sauti. Baba, kuogopa bawaba za shule nyingine ni kuogopa kazi uliyoajiriwa kuifanya. Na yale maneno ya mtumiaji, ungeyasema kwangu ungelala uani.

Sasa nisikilize. Leo hii pita duka la vifaa, nunua bawaba, usiulize ni ya nani. Mwende shuleni pamoja, yeye akaze skrubu na wewe uuinue mlango uushikilie mpaka mikono iume, maana ndiyo kazi mliyowaachia watoto. Baada ya hapo kila mmoja amwandikie mkubwa wake kwamba kitu kidogo kikivunjika shule inakitengeneza siku hiyohiyo na shirika linarudisha gharama, na kuta, paa na mabomba yaliyo ndani ya ukuta yanabaki ya shirika. Wakubwa wakitaka kubishana wabishane, mlango ukiwa unafungika. Chaga zenu mtajuana wenyewe, sakafu haijamuua mtu.

Na kesho, kabla ya kengele ya kwanza, simama kwenye bomba la shule, uwaite wale wasichana, uwaambie wanywe maji. Kisha waombe radhi.