Nimehesabiwa na Mji Nisioujua

Hopkins, Minnesota, Jumamosi

Wenzangu wa kazini wamenichosha! Leo tena Luz alipopasha ng'onda wake, samaki wa kukaushwa, wakalalamika eti ananukisha chumba kizima. Nikaenda kukaa naye makusudi, nikala naye. Kwetu Vanga, pwani ya Kenya, harufu ile maana yake chakula kiko tayari.

Luz tunalea naye wazee shifti moja. Siku hizi anaandika historia ya mji wao, mji mdogo wa pwani huko Ufilipino. Kanisomea ukurasa mzima, wali wangu ukapoa: watu walihamia kutoka kisiwa kingine, wakajenga kanisa, tufani ikalibomoa, wakajenga tena. Sasa wanahesabiana, waliobaki na waliotoka, maana vijana wanahama na wazee wanaogopa mji utakwisha.

"Na nyinyi kwenu mko wangapi?"

Nikamwambia sijui. Karani wa sensa alipokuja nyumbani, Mama alimjibu, "Watoto wapo," basi. Kwetu watoto hawahesabiwi, wasije wakapatwa na jicho baya. Luz alicheka mpaka akatoa machozi.

Lakini swali lake limeniingia. Wanangu wanaelewa Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Vanga wataijulia wapi?

Tulipokuwa tunatoka, Luz akanionyesha orodha ya watu wa mji wao walioko Minnesota. Jina la chini kabisa ni langu!

"Unakula samaki wetu, basi wewe ni wetu."

Nikamwambia aandike na wanangu.

"Wangapi?"

Wanne, nikasema, tena kwa sauti. Nisamehe, Mama.