Sanduku la Maswali la Saba B

Jumatatu, 5 Februari

Theluji imeyeyuka, matope yamebaki. Mwalimu mkuu, Bwana Ogletree, kaniita ofisini kabla ya kengele. Mezani kwake faili la bluu — kuzuia madhara ya bunduki, vipindi vinane. Wakubwa wameleta, lazima lifundishwe. Nani afundishe? Mimi. Eti kwa sababu watoto wananipenda. Uongo! Wengine wote wamekataa, na mimi ndiye mwalimu wa afya. Meno, hedhi, dawa za kulevya, na sasa bunduki.

Nilitaka kukataa. Kisha nikapita kwenye korido, kabati namba 114. Kufuli la Teshawn Briscoe bado linaning'inia pale. Tangu Novemba hakuna aliyethubutu kulikata. Miaka kumi na miwili tu! Alikufia kwa binamu yake, sebuleni, wakichezea bastola waliyoikuta chini ya mto wa kochi. Siku mbili kabla ya hapo alinishika mkono nje ya darasa. Mwalimu, naweza kukuuliza kitu? Nikamwambia baadaye, nimechelewa.

Baadaye. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nitafundisha.

Jumatano, 7 Februari

Kipindi cha kwanza, darasa la Saba B. Nimeuliza: nani amesikia mlio wa risasi wiki hii? Watoto ishirini na wanane, mikono ishirini na sita. Wawili waliobaki walikuwa wamelala.

"Bi Purnell, sasa wewe utatufundisha nini sisi? Njoo ukae hapa, tusimame sisi mbele." Huyo ni Tavion Gaither. Mdomo wake haujawahi kupata likizo. Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka — ningefanyaje?

Kisha nikawaonyesha sanduku. Boksi la viatu vyangu vya kanisani, nimelitoboa tundu juu. Andika swali kwenye kadi, usiweke jina. Sitauliza ni nani. Sitachunguza mwandiko. Nilitaka pawe na mahali ambapo mtoto hataambiwa baadaye.

Jonelle Spriggs akanyoosha mkono. Anakaa mstari wa mbele, anaimba kwaya, hana alama chini ya tisini. "Sema haki ya mama."

Nikasema neno la mwalimu linatosha.

"Halitoshi!" Darasa zima.

Hapa Baltimore magharibi ndivyo ilivyo. Mtu akimwapia mama yake, amemaliza. Asipoapa, hajasema kitu. Basi nikasema: haki ya mama. Mama yangu yuko kwake Cherry Hill, miaka themanini na moja, anatazama vipindi vya zawadi kwenye televisheni, hajui kama ameshawekwa rehani.

Ijumaa, 9 Februari

Leo nimegawa makufuli ya waya. Ya bure, kwa anayetaka, bila kuulizwa. Unapitisha waya ndani ya bastola, haifyatuki. Tavion akachukua mawili. Jonelle akasukuma katoni ipite: "Sisi nyumbani hatuna vitu kama hivyo, mwalimu." Wakamzomea. Ooh, malkia wa kwaya!

Halafu sanduku. Kadi kumi na tisa. Je, umewahi kuua mtu? Chakula cha hapa shuleni nacho si silaha? Kwa nini polisi huja watu wakishatawanyika?

Na hii. Penseli, herufi kubwa:

IPO NDANI YA BOKSI LA KORNFLEKSI JUU YA FRIJI. MDOGO WANGU AMESHAJUA. NIFANYE NINI?

Sikuisoma kwa sauti. Nimeikunja, nikaitia ndani ya sidiria. Nikasema tu kwa wote: mwambie mtu mzima unayemwamini. Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyepepesa jicho.

Jumatatu, 12 Februari

Siku mbili sijapata usingizi. Nikampelekea Ogletree kadi.

"Nani?"

Sijui.

"Mwandiko, Verlene! Si una madaftari yao?"

Nikamwambia niliapa. Akavua miwani. Uliapa kwa nani, kwa watoto? Tukizika mwingine, utamwambia mzazi wake kwamba uliapa?

Ameniweza. Nikajifungia darasani na madaftari. Upuuzi mtupu! Watoto hawa wanaandika kwenye kompyuta tangu wadogo. Mwandiko wao wote ni wa kuku. Basi niliacha mwandiko, nikaanza kupima nyumba zao. Nani ana mdogo wake? Nani ana kaka aliyetoka jela juzi, yuko nje kwa masharti? Nani alichukua makufuli mawili?

Nikampa Ogletree jina. Tavion Gaither.

Nimefanya vyema. Nimefanya vyema, sivyo?

Jumatano, 14 Februari

Hakuna kitu! Hakuna bastola, hakuna risasi, hakuna chochote!

Walikwenda kwa kina Gaither jana jioni, askari sita na mama mmoja wa ustawi wa watoto. Wamepasua magodoro. Wamemwaga kornfleksi sakafuni, maboksi yote mawili, na dada yake Tavion wa miaka mitano amesimama anaangalia. Kaka yao, Corwin, amechukuliwa. Si kwa bunduki — kwa kulala kwenye nyumba ambayo haimo kwenye karatasi zake za masharti ya kutoka jela.

Mama Gaither amekuja leo asubuhi, bado na sare ya usafi wa hospitali. Akaweka makufuli mawili mezani kwangu. Yote mawili bado yamo kwenye nailoni.

"Moja letu, moja la shangazi yake. Nikamwambia, mwanangu, sisi bunduki hatuna. Akasema tuyafunge hata kwenye baiskeli, mama, Bi Purnell anatujali."

Nikamwomba radhi.

"Radhi yako niipike kwenye sufuria gani, dada? Corwin alikuwa na kazi. Wiki ya pili leo."

Ubaoni mtu amebandika mioyo myekundu ya karatasi, Sikukuu ya Wapendanao. Tavion hakuja. Na kadi bado ninayo. Kama si kwake, basi ni kwa mwingine. Bastola iko juu ya friji ya mtu sasa hivi, na mimi ndiye niliyefunga mdomo wa aliyetaka kusema.

Nimemwambia Ogletree. Anasema tungoje, tusije tukakosea tena.

Alhamisi, 15 Februari

Sanduku tupu. Hata mzaha hamna. Tavion amerudi, kakaa nyuma, kofia ya koti imemfunika hadi macho. Nimewaomba msamaha mbele ya wote. Nikasema aliyeandika ile kadi anifuate, popote, saa yoyote. Nikauliza kama kuna swali.

Jonelle, taratibu: "Mama yako hajambo, Bi Purnell?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikawaka! Nikamwambia kesho atabaki baada ya masomo, saa nzima. Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni hasira.

"Kesho siwezi, mwalimu."

Utabaki.

"Nibakize Jumanne. Nibakize siku mbili. Kesho hapana, tafadhali."

Nikasema hapa si sokoni. Na nilifurahi kumshinda — mtoto wa miaka kumi na miwili. Naliandika hilo nilione mwenyewe.

Ijumaa, 16 Februari

Saa tisa na nusu alasiri. Simu sikioni, kalamu mkononi. Nisipoandika nitapiga ukelele, na aliye kwenye simu atausikia.

Kengele ililia, wakatoka mbio, Jumatatu ni sikukuu. Nikachukua sanduku nikalitupe. Kitu kikacheza ndani. Kadi moja. Penseli, herufi zile zile.

SI TAVION. BADO IPO. LEO NIMEBAKIZWA NA MDOGO WANGU YUKO PEKE YAKE.

Leo kabakizwa mmoja tu. Nimembakiza mimi.

Nimekimbia na goti langu bovu hadi chumba cha tisa, wanakokaa waliobakizwa. Jonelle alikuwa ameketi, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mgongoni. Bwana Dorsey, mlinzi, anasoma gazeti. Nikamwonyesha Jonelle kadi.

Hakulia. "Apa kwanza."

Niape nini?

"Kwamba hamtamfunga mama. Kainunua kihalali. Walimwibia akitoka zamu, wakamvunja jino. Nilimwambia kuhusu kufuli, anasema mwizi hatakusubiri ufungue."

Mama yake anawauguza wazee, na Ijumaa zamu yake huisha usiku. Kila Jumapili ananikumbatia kanisani. Nyumba ile sikuipima hata kidogo.

Sikuapa. Sina tena wa kumwapia. Nikamwambia sijui watamfanya nini mama yako, kweli sijui. Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa, akaandika namba ya nyumbani kwenye kiganja changu.

Dorsey ameondoka naye kwa gari lake. Mitaa sita tu! Lakini wiki hii wamechimba barabara ya Edmondson, magari yamesimama. Polisi nimewapigia kwa simu ya ofisi, wanasema wako njiani. Kwa simu yangu nikapiga namba ya kiganjani.

Ikapokelewa mlio wa kwanza. "Haloo, wewe nani?"

Mwalimu wa Jonelle.

"Mimi Micah. Nina miaka sita. Jonelle kafanya ubaya?"

Hapana, mpenzi. Ubaya nimefanya mimi.

"Ooh. Na wewe watakubakiza?"

Nikamwambia akae sakafuni, aniimbie wimbo wowote wa shuleni kwao. Kakaa. Kaimba alfabeti yote. Kaimba ya mvua. Katikati ya wimbo wa tatu kanyamaza.

"Nina njaa."

Dada yako anakuja, Micah. Yuko ndani ya gari. Kaa hapo hapo, usinyanyuke.

"Kila siku nikifika ananipa kornfleksi."

Nikasema leo usile hiyo. Niambie rafiki yako anaitwa nani. Niambie viatu vyako vina rangi gani.

"Vyekundu. Nitakula saa ngapi?"

Baadaye, nikasema. Limenitoka lenyewe. Baadaye kidogo, Micah.

"Naweza mwenyewe. Mimi mkubwa."

Kaiweka simu mezani. Namwita. Micah! Naita tena. Hajibu — anaimba, yuko mbali na simu.

Nasikia miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni.