Kadi ya Mau Narok

Jumatatu, 3 Machi
Niko studioni Free Area tangu asubuhi, pazia zimefungwa, macho yanawasha. Kamau, mwelekezi wetu, ameridhika na jinsi filamu ilivyohaririwa. Kazi yangu sasa ni kuondoa klipu nyepesi tulizohariria na kuweka zile nzito, zenye picha safi, ndipo tutie rangi. Majina ni yale yale, kompyuta inabadilisha yenyewe. Kazi ya kunywea chai. Nimefika nusu.

Jumanne, 4 Machi
Mama Salina hayupo! Mahojiano yake yote ya Mau Narok, pale kwenye shamba lake la viazi. Skrini nyekundu tupu, ishara kwamba klipu nzito haipatikani. Diski ya kwanza niliyonakilia kadi ina klipu nyepesi tu. Ya pili vivyo hivyo. Mama Salina alizikwa Januari. Hatuwezi kumpiga picha tena.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao kibaya. Kamau anasema Chebet alifuta kadi ya kamera kabla sijamaliza kuinakili. Chebet ni msaidizi wa kamera, tumefanya kazi pamoja miaka tisa, na ndiye aliyenishika mkono siku ya harusi yangu. Hakujitetea. Aliniangalia mimi tu. Kamau akamwambia asirudi, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na hasira naye. Nakiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikuwa natafuta kwenye simu tarehe ya ile safari ya Mau Narok. Nimekutana na ujumbe wangu mwenyewe kwa Chebet: "Nimekagua. Klipu arobaini, diski zote mbili. Futa kadi."
Nimeketi sakafuni.
Kamera ile huandika kila klipu mara mbili, nzito folda hii, nyepesi folda ile. Jina moja, idadi moja. Nilinakili folda ya nyepesi tu. Nikahesabu klipu, sikuangalia ukubwa. Mimi. Siyo Chebet. Miaka yote hii ya kujidai mtu makini!

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Kamau nikamwambia. Akakata simu. Nikaenda kwa Chebet nikaungama pale pale mlangoni. Hakushtuka hata kidogo.
"Hiyo meseji bado niko nayo, Rehema," akasema. "Nilidhani unakumbuka. Nilidhani umeamua tu mimi ndio nibebe."
Alikuwa nayo mfukoni siku ya kikao. Angeitoa, yangeisha. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki nilipita wapi.

Jumanne, 11 Machi
Nimekuza klipu nyepesi za Mama Salina kadiri zinavyokubali. Uso una ukungu, sauti iko sawa. Kamau amemwomba Chebet arudi. Chebet amesema atafikiria.
Mchana nimeandika kwenye grupu ya filamu: kosa ni langu, Chebet alifuta kadi kwa sababu mimi nilimwambia afute. Watu sita wamejibu. Chebet amesoma.