Kuku Wamelala, Mbuzi Wamelala

3 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Natumaini hawakusimamishi tena kutwa nzima kazini. Mimi mzima, ila viatu vipya vinanitafuna.

Nimepata kazi! Ni kwa wakili anayewasaidia bure watu walioumizwa na makosa ya nusukaputi. Najua kuwalaza wagonjwa kwa dawa hiyo ya usingizi ndiyo kazi yako, kwa hiyo usinune. Mimi naandika tu maelezo ya wateja, neno kwa neno. Eti aibu yangu imefaa kitu. "Wewe hukatizi watu," Wakili kaniambia, "kaa hapo."

Leo kaja mama mmoja, fundi cherehani. Alipasuliwa tumbo hapo hospitalini kwenu, ila najua mko wengi. Dawa ya kulegeza mwili ilimwingia, usingizi haukuja. Alikuwa macho, Mama Mdogo. Alisikia mkasi, na hakuweza hata kupepesa. Hospitali inasema aliota. Siku hizi taa ikizimwa ghafla anakauka kama ubao. Je, hutokea kweli? Niandikie, maana kwenye simu maneno hunikwama.

Mwanao.


14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, nimeuzoea kama jirani mkorofi. Hongera kwa kazi. Viatu vipake mafuta kwa ndani, kwenye kisigino.

Hutokea, ila ni nadra. Mgonjwa akiwa macho moyo hukimbia, nasi huchora nukta ya mapigo kila dakika tano kwenye karatasi ya nusukaputi. Wakili wako aiombe. Nukta zikiwa zimetulia, mama huyo aliota. Watu huota mengi. Wewe mwenyewe ulinililia wiki nzima kwamba kabati linakupigia mluzi.

Ya wateja yaache ofisini. Na ule, usijifanye huna njaa mbele za watu.

Mama yako mdogo.


2 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Karatasi imeletwa. Nukta zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Fundi aliishika karibu na dirisha, akasema, "Huu si moyo, huu ni upindo. Tena wa rula." Wakili akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema hata moyo wa aliyelala hautembei hivyo. Mtu aliketi akazijaza baadaye. Lakini chini kuna sahihi ya daktari mkuu peke yake, na yeye kashikilia kwamba ni ndoto. Asipopatikana mtu aliyekuwamo chumbani, kesi inakufa, maana muda wa kuifungua unakwisha tarehe 30.

Kisha fundi akasema jambo ambalo hakulisema siku ya kwanza. Kabla ya kisu, mwanamke mwenye barakoa alimgonga paji la uso kwa kidole, mara mbili, taratibu, akamwambia, "Kuku wamelala, mbuzi wamelala."

Hapo akainua glasi, anywe maji. Mimi kalamu yangu haikusimama, na mdomo ukaifuata: "Bado wewe."

Fundi akaweka glasi chini.

"Hilo sijakwambia," akasema. "Sijamwambia hata mume wangu. Umelitoa wapi, binti?"

Nikasema nimebahatisha. Akanitazama bila kupepesa, kama yuko bado kwenye kile kitanda.

Tangu Mama afariki ulikuwa ukinilaza kwa maneno hayo, na kwa kidole hicho. Sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Wakili sijamwambia kitu.

Ni wewe?

Mwanao.


20 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujajibu. Kama unaumwa, mtume mtu aniambie tu.

Fundi anakuja kila siku, hana miadi. Anakaa mkabala na meza yangu, mikono mapajani. Jana akaniomba, "Yaseme tena. Yote. Nione kama nitalala."

Nikayasema. Akafumba macho. Chozi likamshuka upande mmoja, lakini uso haukukunjamana wala kidole hakikutikisika. Nikamwita mara tatu. Nilidhani amekufa. Kumbe alikuwa ananisikia muda wote.

Nimemwambia Wakili kwamba namjua aliyeyasema. Akainua mkono kunizuia. "Usimtaje. Aje mwenyewe, au asije." Zimebaki siku kumi. Sikutaji, Mama Mdogo. Lakini naogopa kufumba macho.

Mwanao.


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Niliziweka barua zako chini ya godoro, nikawa nazihisi mgongoni.

Ni mimi.

Jioni ya kuamkia siku ile nilikagua mashine, chupa ya dawa ya usingizi ya kuvuta ilikuwa imejaa. Usiku akaletwa mgonjwa wa dharura, akaimaliza. Asubuhi sikuikagua tena. Miaka kumi na tisa nimewafundisha wenzangu kukagua mara mbili. Mapigo yalipopanda nikailaumu mashine, nikasema ni kongwe. Kisha nikaona chozi, upande wa kushoto. Nikalifuta kwa pamba. Daktari mkuu akauliza kuna nini, nikajibu, "Jicho tu."

Wakati wanamalizia kumshona ndipo nikaiona chupa ni tupu. Baadaye daktari akaniamuru niandike karatasi nyingine, nzuri. Niliiandika kwenye chumba cha chai, kwa rula. Ya kwanza aliniambia niichane. Nimeikunja ndani ya bahasha hii, mpe Wakili.

Nitafika tarehe 29 asubuhi. Usije kunipokea. Keti mezani pako, uandike maelezo yangu neno kwa neno kama ya mtu mwingine yeyote, na nikilia usinikatize. Fundi awepo, kama atakubali. Asipokubali, ana haki.

Toka siku ile nikilala chali namwona ananitazama kutoka chini, naye ananigonga paji la uso kwa kidole, mara mbili.

Kuku wamelala, mbuzi wamelala. Bado mimi.

Mama yako mdogo.