Positif Yangu, Pochi ya Raoul

Lubumbashi, komini Katuba,
tarehe 11 Mei 2025

Mupendwa Yaya Kahambu,

Pokea salamu kutoka huku ku udongo mwekundu. Afya iko namna gani? Miguu ingali inavimba? Na kule Kampala, bamekuzoea, ao bangali banakuuliza karatasi kila kona? Huku tuko bazima. Bibi yangu Mado iko muzuri, batoto banakula kama basoda mu kaserne. Mimi mwenyewe ungali unanijua: kitumbo ya mukubwa wa depo ya maharagi, na soko yote inasema Kambale Jeannot asipofika, maharagi haina bei.

Ninaandika kwa karatasi, dereva Stanislas atakuletea akipitia Zambia na Tanzania. Sauti ya telefone siwezi, juu ikiingia mu kundi ya familia, mbele ya chai kule kwetu Butembo bote bameshasikia. Na hii mambo ninataka uisikie wewe wa kwanza, wewe dada mukubwa uliyetulea kisha Mama kufa.

Unajua kama Goma ilipoanguka mu vita, mudogo wetu Dorcelle alikimbilia kwangu na mimba. Bwana yake Chadrack alibaki kule, na mpaka leo namba yake haipite. Basi, amezaa! Mutoto mwanaume, kichwa kubwa kama ya babu. Kwa desturi yetu mwanaume wa kwanza njo anaitwa Paluku, hapo hakuna mabishano. Mabishano iko ku jina ya pili. Mimi nilishajua: Paluku Jeannot. Nani mwengine? Nani alimupokea mama yake, nani alimutolea chumba na matela ya kulalia?

Lakini sasa Dorcelle na Mado banataka kumuita Paluku Raoul.

Raoul! Haumujui, na una bahati. Ni mutoto wa hapa hapa Lubumbashi, depo yake inatazamana na yangu, anauza maharagi kama mimi. Ana meno meupe na pikapu ya mupya. Siku Dorcelle alizaa na damu ikakataa kusimama, ile pikapu njo ilitubeba ku hospitali. Ningesema hapana?

Bakatuambia familia itoe damu. Mimi nikakunja mukono ya shati mbele ya bote: "Mutoe mpaka mutosheke, hii ni damu ya Butembo!" Raoul naye akakunja yake pole pole, kama mutu anayeingia kanisa. Bakatutoa kidogo ya kupima. Kisha infirmiere, ule muuguzi, akarudi na karatasi: "Papa Jeannot, uko O positif, na tena hepatite C positif..."

Yaya, mimi nikasikia positif mara mbili. Nikajua damu yangu imepita kipimo ya Kongo yote. Nikatoka mbio mu koridori: "Niko positif! Niko positif mara mbili!"

Mama mumoja akavuta batoto bake mbali na mimi. Mwengine akaanza kuniombea. Raoul alicheka mpaka akashika ukuta, akasema: "Muzee, nyamaza, unajiuzisha bei ya bure." Njo infirmiere akanivuta kando na kunielezea. O positif ni kundi ya damu tu, haina mubaya. Ile ingine inahusu ugonjwa ya maini, na mwenye kuwa nayo hatoe damu. Raoul akaingia. Pochi, ule mufuko wa damu, ikajaa. Dorcelle akafungua macho.

Mungu asifiwe, ninasema na moyo yote. Lakini Mungu angeweza kutuma mutu mwengine.

Tangu ile siku sina tena nyumba. Mado anamupikia Raoul bukari, ule ugali wetu, na kuku. Mimi ninapewa sombe ya jana, majani ya muhogo matupu. Dorcelle anamuita "yaya Raoul", kama kaka wa tumbo moya. Yaya! Kwa pochi moya! Hata imbwa yangu inamusindikiza mpaka ku barabara.

Nikarudi ku hospitali, kwa daktari Mukuka, mwanamuke mufupi asiyecheka masihara yangu hata kidogo. Akasema kipimo ya kwanza inaonesha tu kwamba mwili ulishakutana na kirusi. Haisemi kama kingalimo. Akatwaa damu ingine, ya kutafuta kirusi chenyewe. Nilingojea mpaka mukaba wa suruali ukanizidi. Jibu ikatoka: négatif. Mwili ulikifukuza wenyewe, inatokeaka kwa bantu bamoja. Nikavaa koti, nikaenda ku banki ya damu, kifua mbele. Nilitaka nitoe pochi mbili, nimupite Raoul. Bakanikataa tena! "Papa, uko muzima, lakini ile alama inabaki mu damu, na damu yenye alama hatuipokee, leo wala kesho."

Nilikasirika mpaka nilipowaza kazi yangu. Gunia ikibeba samaki kavu, hata utoe yote na uifue, harufu inabaki. Kipimo ya kwanza inanusa gunia. Ya pili inaifungua, inatazama kama samaki ingalimo. Yangu iko tupu. Lakini nani ataweka unga ya mugonjwa mu gunia yenye harufu? Hata mimi singeinunua.

Sasa wewe, Yaya. Unakumbuka ule muganga wa mutaa, na sindano yake moya aliyotuchoma nayo sisi bote? Daktari anasema kirusi kinapita damu kwa damu, na labda njo kupitia pale. Hakipite ku sahani wala ku mukono ya salamu. Enda upimwe. Bakisema positif, usikimbie mu koridori kama mimi, uliza kipimo ya pili. Hata kirusi kikipatikana, kuko vidonge, na karibu bote banaokunywa banapona. Mimi pia sijakingwa, ninaweza kukipata tena. Njo maana kinyozi ninamupelekea wembe yangu mwenyewe.

Turudi ku jina. Dorcelle anasema hataamua bila wewe. Jana Raoul alikuja, akabeba mutoto, akasema: "Mumuite Jeannot, mimi sitake ugomvi na jirani." Unaona ujanja yake? Ananipa jina kama sadaka! Nilitaka nimutoe inje. Lakini Dorcelle akacheka, na rangi ikapanda mu mashavu yake, ile rangi tuliyofikiri imekwenda. Hiyo rangi, Yaya, haikutoka kwangu.

Basi uandike kwamba ni Raoul. Lakini uandike wewe, na ukali, kama amri. Usiseme mimi niliomba. Nitapiga meza, nitalia kwamba familia imenionea. Kisha mbuzi ya ubatizo nitanunua mimi, na Raoul asisubutu kuleta yake.

Unisalimie binti yako Précieuse, na Nono mudogo wake, umuambie mujomba yake angali mutanashati. Mungu akufunike kule ugenini, asikie kilio ya Goma, atufungulie njia ya kwetu.

Mimi mudogo wako, mwenye kukupenda, na ku hiyo mapendo hakuna wa kunipita,

Kambale Jeannot