Sitaki Kusamehewa Kiayalandi

Baba mpendwa,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kama wewe. Mama hajui. Yeye husema mwalimu mmoja nyumbani anatosha.

Sasa salamu. U mzima? Goti la Nyanya limepata nafuu? Sisi hapa Doha hatujambo, ila joto limeanza, na mimi nimeudhika wiki nzima.

Tangu Mama apate ile kazi ya uuguzi Ayalandi, nimekuwa nikisoma mtandaoni jinsi mtu anavyopata kuwa mwalimu kule. Kumbe huwezi kuajiriwa kwa kudumu katika shule ya msingi ya serikali bila kujua Kiayalandi, maana mwalimu wa darasa ndiye anayewafundisha watoto lugha hiyo. Mwalimu wetu wa fizikia ametoka huko. Nilipomuuliza kama ni ngumu, alisema alikisoma miaka yote ya shule na sasa amebaki na maneno ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sikukata tamaa. Lakini Shangazi akampigia Mama kutoka Dublin: "Wifi, furahi! Mtoto akifika akiwa mkubwa hivyo, mnaomba asamehewe Kiayalandi. Hakisomi kabisa!"

Ijumaa kanisani, maana huku ndiyo Jumapili yetu, Mama akasimama kutoa ushuhuda, akanivuta mkono nisimame naye. "Wapendwa, Bwana ametutendea! Binti yangu ameondolewa mzigo wa lugha!" Watu wakapiga makofi. Mjomba Kioko, yule mlinzi wa hoteli ya Al Sadd, akapaza sauti: "Amina! Kiarabu chenyewe kinamtoa jasho!" Kanisa zima likacheka. Nami nikatabasamu tu, Baba. Unanijua mbele ya watu.

Hawaelewi! Nikisamehewa lugha, darasa la kufundisha nalo nimelikosa, na wao wanashukuru! Sharti lenyewe siwezi kulilaumu. Wewe huwaanzishia watoto wa gredi ya kwanza masomo kwa Kikamba, na nimeona wanavyokuelewa. Kinachonikera ni kushangiliwa kwa jambo ambalo hakuna aliyeniuliza kama nalitaka. Na kesho Mama anamwandikia mwalimu mkuu wa shule nitakayokwenda, kuomba huo msamaha.

Nisalimie Nyanya, na Kaka Mutinda pale dukani, na umwambie mdogo wangu Mwende aache kuvaa viatu vyangu.

Baba, nimerudi. Niliacha kuandika nikaenda sebuleni. Mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Mama, usiniombee msamaha. Nataka kukisoma."

"Kwa nini ujitese hivyo, mwanangu?"

"Niwe mwalimu."

Aliisimamisha pasi. "Kama baba yako?"

"Kama Baba."

Akaikunja sare ambayo hata hakuwa amemaliza kuinyoosha. "Na ukianguka mtihani?"

"Sijui, Mama."

"Basi mwandikie mwalimu mkuu wewe mwenyewe. Mimi nitasema nini, na nimeshashuhudia mbele ya watu?"

Nikakaa palepale na simu yake. Niliandika kwamba nina miaka kumi na mitano, sijui hata neno moja la Kiayalandi, na naomba nafasi katika darasa la wanaoanza. Mama akasoma mara mbili. Nikatuma.

Binti yako,
Mumbua