Kinanda Kilichocheka Matangani

Papa,

Kinanda chako kilicheka. Kilicheka katika matanga yako, mbele ya watu wote. Ungekuwa hai ningekuja mbio bandarini, mbele ya makarani wenzako wote, nikugombeze. Sasa nikugombeze wapi?

Ngoja nianze vizuri. Kwaya yote ilikuja kukuzika, waliimba mpaka koo zikakauka. Baba Mudogo alifika kutoka Kabalo, akalia kwa sauti kuliko sisi watoto wako, halafu akapangusa macho na kuuliza kinanda kiko wapi. Alisema kanisa lao halina kinanda, na yeye ndiye ndugu yako wa pekee. Nikamwambia achukue. Kwangu kilikuwa dude zee tu la Kijapani, zito kama gunia la mahindi, lililovuka ziwa kutoka Kigoma limefungwa blanketi kabla mimi sijazaliwa. Jina la kampuni limefutika pale mbele, zimebaki herufi mbili. Wewe ndiye uliyelipenda. "Kampuni ilikufa zamani," ulikuwa ukisema, "lakini hawa Wajapani, kazi yao haikufa." Huku unalipangusa kwa mkono wa shati.

Halafu yule Mujapani wako! Kila Jumapili unatia disketi, kinanda kinakwaruza, kinatafuta, na waimbaji wamesimama wanangoja. "Mumungoje kidogo," unasema, "Mujapani anavaa." Kanisa zima lilijua utani huo. Kisha unagusa vibao vya mwisho kabisa upande wa kulia, na sauti ya mwanamke inatoka, nyembamba, "aaa", nasi tunaamini kampuni ilimfungia humo mwanamke wa kwao. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakiinamia kinanda kumwamkia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa najiuliza, Papa, siku ile ulikuwa ukicheka nini.

Vibao vya katikati ulikataza. "Pale anakwaruza, musimuguse." Na hata kule kulia ulikuwa unagusa na kuachia upesi. Tulidhani ndio ufundi.

Siku ya kuondoa matanga, Baba Mudogo alikuwa amekwisha kukifunga kamba, maana treni yake ilikuwa kesho yake. Kwaya wakamsihi akifungue kidogo wakuage nacho. Akafungua, ananung'unika. Deo, yule mwanafunzi wako ambaye siku hizi ana ndevu, akatia disketi. Lakini waimbaji walikuwa wameishiwa koo kwa kulia, hawakuweza kupanda juu. Deo akawashushia sauti. Akashuka hadi katikati, akashika kibao kimoja na kukishikilia, kwa sababu naye alikuwa analia na alisahau kuondoa kidole.

Haikukwaruza hata kidogo. Ilitoka sauti ya mwanamke mzima, wa umri wangu, kama amekaa pale mkekani na sisi. "Aaa." Pumzi ikaenda, ikaenda, na ilipofika mwisho, akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeona haya.

Watu walikimbilia nje, Papa. Wengine waliacha viatu. Mama Mukubwa, dada yake marehemu Mama, aliyeteremka kutoka Kirungu kwa ajili yako, alikuwa ameshika sahani ya ugali. Sahani ikaanguka. "Mama yo! Huyu njo Anjela! Ni mudogo wangu huyu!"

Anjela. Mama yangu, aliyekufa mimi bado nanyonya.

Nilikaa chini. Deo ndiye aliyetueleza: vinanda vya namna hii vina tundu la maikrofoni. Unaimba mara moja, kinanda kinameza sauti yako mpaka mwisho wake, kinaitunza kwenye disketi na kuitandaza kwenye vibao vyote. Kulia inakuwa nyembamba, kushoto inakuwa nzito. Katikati tu ndipo mtu anabaki alivyo.

Kumbe!

Mama Mukubwa alinisimulia jioni, huku anajifuta kwa kitenge. Mke akifa vitu vyake vinarudi kwao, ili mume abaki huru kuoa tena. Yeye na ndugu zake walikuja wakabeba nguo, masufuria, mpaka picha ya ndoa, na picha ile ikaharibikia huko mlimani kwa mvua. Ndiyo maana mimi uso wa mama yangu siujui. "Tulifagia yote," alisema. "Kinanda tulikiacha, kilikuwa kitu ya mwanaume." Nawe ukanyamaza. Ukamficha mahali ambapo kanisa zima lilikuwa likimsikia. Papa, ulikuwa mtu wa namna gani wewe? Nimekukasirikia. Nimefurahi pia, na hasira haijaisha. Kwa nini hukuniambia hata mimi?

Niliogopa kumtazama Mama Regina. Ndiye mkeo, ndiye aliyenilea, ndiye aliyekufumba macho. Alikuwa ametulia mkekani. Kisha akasema, "Deo, piga tena. Nimelea mutoto yake, na sijasikia sauti yake hata siku moja." Deo akapiga. Alisikiliza mpaka kile kicheko, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu.

Baba Mudogo akaanza kuikunja kamba yake. "Mimi siwezi kumupandisha shemeji yangu katika treni ya mizigo," alisema. Amerudi Kabalo na koti lako na redio. Usiku mmoja tu, na mama yangu angekuwa Kabalo, anaitwa Mujapani na watu wasiomjua.

Disketi ni moja na imezeeka, kwa hiyo Deo amemrekodi pia kwenye simu. Lakini kwenye simu si sawa. Jumapili nitakaa mahali pako. Vidole vyangu ni vizito, Deo ananifundisha na kunicheka. Nakuahidi hivi, Papa: hakuna atakayemwita Mujapani tena, na sitamkimbiza kule juu kulia. Nitamwimbisha hapo katikati, na kibao sitakiachia upesi kama wewe. Nitakishika mpaka acheke.

Pumzika, Papa. Nadhani umeshafika kwake. Mwambie mtoto wake amemsikia.

Binti yenu,
Feza